Ghala limejaa, mtoto amedumaa: somo kutoka Iringa

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, hapa Rungwe tuna ndizi, maharage, viazi, maziwa na parachichi. Ndiyo maana wengi tunaona udumavu ni shida ya watu wenye njaa. Historia ya wenzetu wa Iringa inaonyesha sivyo.

Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa, wakianza na vijiji 168. Mizani ilipelekwa kijijini. Kila robo mwaka watoto walipimwa, uzito ukaandikwa kwenye kadi, kisha kamati ya kijiji ikakaa kuulizana: huyu ameshuka kwa nini?

Mara nyingi chakula kilikuwepo nyumbani. Kasoro ni kwamba mama alishinda shambani, mtoto akala mara mbili tu kwa siku, tena uji mwepesi, na magonjwa yakamrudia. Wanakijiji wakaanzisha vituo vya kulelea na kulisha watoto mama wakiwa kazini. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi 2. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tunayofanya leo inafanana sana na kazi ile.

Lakini mizani inapima uzito, haipimi kimo. Mtoto anaweza kunenepa huku amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu Iringa ukikaribia asilimia 57, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Na huo ni mkoa unaovuna mahindi mengi.

Kwa hiyo mama, ukienda kliniki usiridhike na uzito peke yake. Omba mtoto apimwe na urefu, na uelezwe mstari wa kadi unapanda au umelala. Mpe maziwa yako tu hadi miezi 6. Baada ya hapo mlishe mara kwa mara, uji uwe mzito, uongeze yai, dagaa, maharage yaliyopondwa na mboga. Maziwa ya ng'ombe yasiishie yote kwenye kituo cha kukusanyia; kikombe cha mtoto kibaki nyumbani.

Nawe baba, mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga mpunguzie kuni na jembe. Siku 1000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka 2, zikipita hazirudi.