Mutshatsha: Je, jamaa inahitaji trasti ili kulinda parseli ya urithi?

Wale wenye ndugu Zambia au Kenya wanalijua neno hili: trasti. Mzee afanye trasti, wanasema, ili parseli isinyang'anywe siku atakapokufa. Shauri hilo linatoka kwa moyo mwema, ila linatoka pia katika sheria ya inchi nyingine.

Trasti ilizaliwa Uingereza miaka mia nyingi iliyopita. Mtu aliyekwenda vitani mbali alimwachia rafiki shamba kwa jina la rafiki, wakipatana kwamba mazao ni ya mke na watoto. Rafiki akigeuka, mahakama ya mfalme ilimlazimisha atimize neno. Waingereza walibeba desturi hiyo hadi makoloni yao, na Kenya iliongeza kanuni za trasti za jamaa mwaka wa 2021. Wabeleji hawakuileta huku. Sheria waliyoleta inamtazama yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi.

Tena karatasi hizo hazikuwa za kila mtu. Wakati wa ukoloni, urithi wa Mwafrika uliachwa kwa desturi. Kwa Wandembu na Watshokwe wa upande wa Mutshatsha, ukoo unafuata mama, na mali ya marehemu ilielekea kwa ndugu zake na watoto wa dada zake. Reli ilipounganishwa na ile ya Benguela mwaka wa 1931, watu walianza kuishi kwa mshahara, lakini nyumba za kambi zilikuwa za kampuni. Aliyekufa kazini aliacha baiskeli, nguo, pengine cherehani. Ugomvi wa nyumba ulikuwa haujafika bado.

Ulifika baadaye. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia, inayoandikwa kwenye sertifika. Miaka minne tu ikapita, vita vikaja. Mwezi wa tatu 1977 waasi wa FNLC walitoka Angola, wakaiteka Mutshatsha. Jeshi la Zaire, likisaidiwa na Wamoroko, liliirudisha mwezi wa ine. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Kolwezi. Watu wengi walikimbilia Angola. Na mwaka wa 1992 na 1993, wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, wakapanda treni wakiacha nyumba nyuma.

Anayekimbia hufanya kama yule Mwingereza wa zamani: anamwachia jirani au mpwa ufunguo, na mara nyingine karatasi. Lakini hapa hakuna mahakama ya mfalme. Sheria ya 1973 inasema sertifika, ikimaliza miaka miwili tangu ilipotolewa, haivunjwi tena. Aliyedanganywa anaweza kudai malipo ya hasara. Parseli yenyewe imekwenda. Kwa hiyo kuandika parseli kwa jina la mtu wa kuaminika, kwa kuiga trasti, ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Jamaa zilizohama zilisikie hilo kabla ya kutuma pesa.

Kinga iko mahali pengine: katika Kode ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987. Ilikata desturi ya zamani kabisa. Watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya mali, pamoja na wale wa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua angali hai. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi, na ndugu za marehemu, kila kundi sehemu moja ya kumi na mbili. Sehemu ya mjane ni ndogo, kweli, na wengi wanalalamika. Lakini Kode inampa pia haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Wajomba wanafuata nyuma sana, ikiwa watu wa makundi hayo mawili hawapo.

Anayetaka kupanga zaidi ana wasia. Unaweza kufanywa mbele ya notere au ofisa wa etasivili. Unaweza pia kuandikwa nyumbani kwa mwandiko wa mwenyewe, na tarehe, na sahihi. Ulioandikwa na mtoto kwa kompyuta, baba akatia sahihi tu, unaangushwa kwa urahisi. Katika wasia mzee anaweza kumtaja likidatere, yaani atakayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Asipomtaja, kazi inaangukia mrithi mkubwa kwa umri au yule warithi wanayemchagua, na hapo ndipo kesi nyingi zinaanzia.

Kwa parseli moja ya Mutshatsha, basi, trasti haihitajiki. Kinachohitajika kwanza ni kuangalia jina lililo kwenye sertifika. Ikiwa bado ni la babu aliyekimbia mwaka wa 1977, wasia wa baba hautoshi: urithi wa babu ndio wa kufunguliwa kwanza, na ndugu wote walioko Angola au Kasai waitwe.