Bondia Aliyejijengea Chuo Chake

Wiki jana binamu yangu alinipigia saa tano usiku. Yuko mwaka wa kwanza chuoni, na hakutaka hata salamu ndefu. "Buda, nimeamua. Naacha chuo, nakuwa dizaina kama wewe. Si hata yule Mjapani wako hakusoma?"

Mjapani wangu. Hiyo stori nimeisimulia kwetu kila Krismasi tangu niache chuo mwaka wa pili. Mjomba akiuliza "na masomo yako?", mimi hujibu haraka: kuna bondia wa Japani ambaye hakuwahi kusomea ujenzi chuo kikuu, na leo ni mmoja wa wasanifu majengo wakubwa duniani. Mjomba hunyamaza. Mimi naendelea na chapati zangu.

Shida ni kwamba miaka hii yote nimekuwa nikisimulia mwanzo na mwisho. Katikati naruka, kwa sababu katikati haifurahishi meza. Sasa kijana anataka kuacha chuo kwa sababu ya nusu ya stori niliyompa mimi mwenyewe. Wacha leo niisimulie yote.

Jina lake ni Tadao Ando. Alizaliwa Osaka mwaka wa 1941, wakati wa vita, akalelewa na nyanya yake. Mtaa wao ulikuwa wa mafundi, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na karakana ya seremala. Tadao mdogo alikuwa anashinda hapo. Alijifunza mbao inavyokaa mkononi, inavyopasuka, inavyokubali na inavyokataa. Hakuna aliyekuwa akimpa maksi, lakini hilo lilikuwa darasa lake la kwanza.

Akiwa na miaka 17 akaingia ndondi za kulipwa. Alipigana hadi Thailand. Halafu siku moja akamwona Fighting Harada akifanya mazoezi, yule aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Ando akatazama ile kasi na zile ngumi, akajua kabisa kwamba hawezi kufika pale hata afanye nini. Akaacha. Ona vile aliacha: alijipima na mtu halisi, kwa macho yake, akakubali jibu. Hakuacha kwa sababu mtu alimwambia ndondi ni za wajinga.

Chuo kikuu hakikuwezekana. Pesa za nyumbani hazikutosha, na alama zake pia hazikuwa za kutamba. Hapa ndipo mimi huwa naruka moja kwa moja hadi kwenye tuzo. Leo siruki.

Alitafuta vitabu ambavyo wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa wakitumia chuoni, akajilazimisha kuvisoma ndani ya mwaka mmoja, vile ambavyo wengine walipewa miaka minne. Alichukua masomo ya kuchora ya usiku. Alisoma kozi kwa njia ya posta. Haya yote bila mwenzake wa darasa wa kumuuliza, "hapa wewe umeelewa nini?" Kama umewahi kukwama kwenye kitu saa nane usiku na huna wa kuuliza, unajua upweke ninaouzungumzia.

Halafu kuna kile kitabu. Katika duka la vitabu vya mitumba pale Osaka alikutana na kitabu cha kazi za Le Corbusier, msanifu maarufu aliyefanya kazi Ufaransa. Hakuwa na pesa za kukinunua. Akakificha chini ya vitabu vingine ili mtu asikione, akawa anarudi kuangalia kama bado kipo, mpaka akapata pesa. Alipokinunua hakukiweka kwenye rafu apige nacho picha. Alinakili michoro yake, laini kwa laini, mara nyingi sana, hadi kurasa zikawa nyeusi.

Mimi nilipofika hapo kwenye maisha yake niliona aibu kidogo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa bango la harambee. Sikujua kwamba kabla ya kuchapisha unaacha nafasi pembeni ya karatasi kwa ajili ya kukata. Tarehe ikakatwa nusu, namba ya simu ikabaki na tarakimu saba. Nilitoa pesa mfukoni mwangu kuchapisha upya, zaidi ya nilicholipwa. Hapo ndipo nilianza kusoma kwa ukweli. Nilikuwa nachukua paketi za jikoni, ya unga, ya majani chai, ya kiberiti, nazichora upya kwa mkono, kisha kwenye kompyuta ya saiba, nikijiuliza kwa nini herufi hii ni nene na ile nyembamba. Kumbe nilikuwa nimechelewa kufanya kile Ando alikifanya kabla mtu yeyote hajamlipa.

Turudi kwake. Mwaka wa 1964 Japani iliwaruhusu raia wa kawaida kusafiri nje kwa uhuru zaidi. Mwaka uliofuata Ando akakusanya akiba yake akaondoka: treni kuvuka Siberia, kisha Ulaya, kwa miguu sana, akitazama majengo aliyokuwa ameyaona kwenye karatasi tu. Alitamani kukutana na Le Corbusier huko Paris. Lakini mzee alikuwa amefariki tarehe 27 Agosti 1965, akiogelea baharini kusini mwa Ufaransa. Hebu fikiria. Umenakili mkono wa mtu hadi kitabu kikawa cheusi, umevuka bara zima, unafika na hayupo. Ando aliendelea kutazama majengo yake, kisha akarudi kwa meli iliyozunguka Afrika.

Mwaka wa 1969 akafungua ofisi yake Osaka. Wateja? Hakuna. Alikuwa akiona kiwanja kitupu, anakichorea jengo, anampelekea mwenyewe ambaye hakuwa amemwomba chochote. Wengi walimfukuza tu.

Kazi iliyomtoa ilikuja mwaka wa 1976: nyumba ndogo ya zege mtaani Sumiyoshi, imebanwa kati ya nyumba nyingine, upana wake mita tatu na kidogo. Akaigawa mara tatu na kuiacha sehemu ya katikati wazi, bila paa. Mvua ikinyesha, unaenda chooni na mwavuli. Watu walibishana sana kuihusu, na wana haki, hata mimi sijui kama ningeishi humo. Lakini mwaka wa 1979 ilishinda tuzo ya Taasisi ya Usanifu Majengo ya Japani. Kutoka ulingoni hadi nyumba hiyo ni miaka kama 15. Hiyo ndiyo katikati niliyokuwa naruka nikila chapati.

Mengine unaweza kuyapata popote. Mwaka wa 1989 kanisa lake la Ibaraki lilikamilika, lenye msalaba uliokatwa ukutani ili mwanga wenyewe uwe msalaba. Mwaka wa 1995 alipata Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwenye usanifu majengo, na dola 100,000 alizopewa akazitoa kwa yatima wa tetemeko la Kobe la Januari mwaka huo. Mwaka wa 1997 Chuo Kikuu cha Tokyo kikamfanya profesa.

Sasa, binamu. Sikumwambia abaki wala atoke. Mimi mwenyewe nilitoka kwa sababu ya karo, siwezi kujifanya mzee wa busara. Lakini nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kusema Krismasi: Ando hakukwepa shule. Alijijengea moja, akawa mwanafunzi, mwalimu na mfagiaji wa hilo darasa, na karo aliilipa, ila si kwa ofisi ya chuo. Kisha nikamuuliza, "Mwezi huu umechora nini?"

Akanyamaza. Nikamwambia achukue paketi kumi za jikoni kwao, azichore upya zote, ndipo tuongee tena kuhusu kuacha chuo.

Asubuhi ya leo ametuma ya kwanza. Paketi ya chumvi. Herufi zimepinda, rangi ya bluu si yenyewe. Nimemwambia arudie.