Mchuzi wa Kiitalia katika Sufuria ya Gisenyi



Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Rwanda husikia mara kwa mara kwamba lugha hii ni ya wageni, lugha ya sokoni na ya mpakani. Katika makala haya tunapenda kulijibu dai hilo kwa kuingia jikoni, mjini Gisenyi, na kuipikia familia makaroni kwa mchuzi wa nyama ya kusaga, kama wapikavyo Waitalia.

Kwanza tubandike sufuria, ambayo kwa Kinyarwanda ni isafuriya. Tukaange kwa moto mdogo kitunguu na karoti, mazao yanayostawi katika udongo wa volkeno wa Rubavu. Kitunguu ni igitunguru, na kitunguu saumu ni tungurusumu. Mwanafunzi atokaye pwani asishtuke kusikia "sumu" ndani ya chakula! Hilo ni neno la Kiarabu, thum, lililopitia Kiswahili hadi kufika ziwa Kivu.

Kisha tutie nyama, tuikoroge hadi ibadilike rangi, ndipo tuongeze nyanya, chumvi na maji kidogo. Tufunike, tuuache mchuzi uchemke polepole kwa muda wa saa mbili.

Wakati tukisubiri, tutazame historia ya chakula chenyewe. Nyanya asili yake ni Amerika. Pellegrino Artusi, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1891, alieleza makaroni ya mtindo wa Bologna bila kutia nyanya hata moja. Lakini mapishi yaliyosajiliwa rasmi mjini Bologna mwaka 1982 yana nyanya ndani yake. Leo hakuna Mwitalia anayeiita nyanya mgeni.

Je, Kiswahili nacho kina muda gani Gisenyi? Wajerumani walianzisha kituo chao hapo mwaka 1907, na Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wao, ya askari na ya wafanyabiashara. Wabelgiji walipoutwaa mji mwaka 1916 walikuta lugha ikisemwa. Baadaye wasemaji wake walitengewa mitaa yao, na hapo ndipo sifa ya ugeni ilipokomaa. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Lakini jikoni kilikuwa kimekwisha kuingia zamani, bila kungoja sheria.

Sasa tuchemshe makaroni yenyewe. Neno hili lina asili ya Kiitalia. Kamusi za Kiswahili Sanifu zina pia tambi, umbo lile lile la wingi wa utambi wa taa. Ng'ambo ya mpaka, katika Kiswahili cha Kongo, nyanya husikika pia kama tomati. Mwalimu asiyafute maneno hayo kwa kalamu nyekundu kabla hajamweleza mwanafunzi njia lililopitia kila neno. Sanifu ifundishwe, ndiyo, lakini ifundishwe kwa kuanzia na kile ambacho mtoto amekuja nacho kutoka nyumbani.

Chakula kimeiva. Tupakue kwenye isahani, tuparuze juu yake jibini ya Gishwati, tuandae ameza na kuwaita watoto. Sahani na meza hazihitaji tafsiri hapa.

Tunawaomba walimu wenzetu wawatume wanafunzi jikoni kwao na daftari, waorodheshe maneno watakayoyasikia. Watagundua kwamba somo wanalodhani ni geni wamekuwa wakilila kila jioni.