Kisumu ilipokuwa njia kuu ya London

Tarehe 28 Februari 1931, ndege ya kampuni ya Imperial Airways iliondoka kiwanja cha Croydon, kusini mwa London, kufungua huduma ya kila wiki hadi Mwanza. Hapakuwa na ndege moja ya kwenda njia nzima. Mizigo ya barua ilihamishwa kutoka ndege hadi ndege, nyingine za magurudumu, nyingine zenye tumbo la mashua zilizotua majini, kupitia Misri, kisha kuufuata mto Nile hadi Ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata njia ilifika Cape Town, na abiria alitumia siku kumi kutoka London. Sehemu ya siku hizo aliimaliza ndani ya treni, maana kati ya Paris na Brindisi wasafiri walipelekwa kwa reli.

Mwaka 1937 zikaja Short Empire, ndege kubwa za majini zilizoondoka Southampton na kutua Khartoum, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Lindi! Msomaji wa leo atashangaa kuiona katika ratiba ya dunia, lakini ilikuwa na kile hasa ndege hizo zilichohitaji: maji tulivu. Penye ziwa au ghuba hapakuhitajika njia ndefu ya kurukia, na hiyo ndiyo siri ya Kisumu kuwa kituo kikubwa.

Tupige hesabu. Kwa mstari ulionyooka, London hadi Kisumu ni karibu kilomita 6,600. Short Empire ilikwenda kama kilomita 265 kwa saa, kwa hiyo saa 25 zingetosha. Mbona basi safari ilikula siku kadhaa? Mafuta yake yalitosha kilomita 1,200 hivi tu, ikabidi ishuke mara kwa mara, tena njia yenyewe ilipinda kufuata maji. Giza likiingia, ndege ilitia nanga na abiria wakaenda kulala. Muda mwingi uliishia chini, si angani.

Ndiyo maana kila hatua ya kufupisha safari imekuwa ya kufuta vituo. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya shirika la BOAC ilianzisha huduma ya kwanza duniani ya abiria kwa jeti, London hadi Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kabla ya saa 24 kutimia. Kisumu haikuwamo tena. Ajali mbili za mwaka 1954, karibu na Italia, ziliisimamisha Comet hiyo, lakini jeti zilizoifuata zilitaka lami, si ziwa.

Nairobi ilipata lami hiyo Embakasi, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1958. Kilijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na hilo lastahili kutajwa kila historia ya safari hizi inaposimuliwa.

Leo London hadi Nairobi, karibu kilomita 6,840, ni safari ya saa nane na nusu au tisa bila kutua popote. Hata hivyo ardhi iliyo chini bado ina sauti: vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023 na anga ya Sudan kufungwa, marubani wa njia hii walilazimika kuizunguka nchi hiyo, wakichoma mafuta zaidi na kuongeza dakika nyingi hewani.