Sikoseli na Kipimo cha Mimba: Historia Inatufunza Nini?



Hapa kwetu Busia na Tororo, mtoto akivimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa, wapo wanaosema karogwa, na lawama humwangukia mama. Historia inasema vingine.

Mwaka 1910 Dk. James Herrick wa Chicago aliandika juu ya chembe za damu zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha uchunguzi wao juu ya makabila ya Uganda. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za Wakenya akaona chembe hizo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza kuwa anayerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Basi si uchawi. Mtoto huugua akirithi kwa baba na mama. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mgonjwa. Uchunguzi wa Uganda nzima wa 2014 hadi 2015 ulikuta wabebaji 13.3% kati ya watoto waliopimwa.

Mwaka 1978 Kan na Dozy, huko San Francisco, waliitambua sikoseli kwa maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Hapo likazaliwa swali zito: tupime au tusipime?

Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu kutoa mimba yenye kilema kizito kisichotibika, kikithibitishwa na jopo la madaktari waaminifu, wazazi wakiomba, kabla ya siku 120. Baada ya hapo hairuhusiwi, ila uhai wa mama ukiwa hatarini. Wapo wanazuoni wanaokataza hata kabla.

Lakini sikoseli leo ina dawa za kupunguza makali yake. Na sindano ya kipimo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Kwa hiyo, enyi wazazi, ulizaneni kwanza: tukijua, tutafanya nini? Kama jibu ni kumpokea mtoto kwa vyovyote, kumpima akishazaliwa kunatosha, mradi aanze matibabu mapema. Mkiwa na shaka, muoneni daktari na shekhe mapema, siku hazingoji.

Na nyinyi vijana, pimeni damu kabla ya nikaha.

Wabillahi tawfiq.