Sultan Han: Mawe, Wakfu na Haki ya Msafiri

Dola hupimwa kwa majeshi yake, hazina yake na makasri yake. Mimi huwahimiza wanafunzi wangu waongeze kipimo kimoja ambacho vitabu vingi vya historia hukipita haraka: jinsi dola inavyomtendea msafiri asiyejulikana, jua linapomzamia njiani.

Mfano ninaoutumia uko Uturuki, kwenye barabara ya kale kati ya Konya na Aksaray. Hapo, mwaka 1229, Sultani Alaeddin Keykubad wa Waseljuki alijenga nyumba ya kulaza misafara, iitwayo Sultan Han. Ukiitazama kwa nje utadhani ni ngome: kuta nene za mawe, minara, na lango kuu la marumaru lililojaa nakshi. Ndani kuna ua mpana, na katikati yake msikiti mdogo ulioinuliwa juu ya matao manne. Nyuma ya ua upo ukumbi mkubwa wa mawe, kimbilio la watu na wanyama wakati wa baridi kali, unaopata mwanga kupitia kuba la katikati.

Nyumba za namna hii zilijengwa njiani kwa umbali wa takriban siku moja ya mwendo. Hata hivyo, mawe hayamlishi mtu. Kilichomlisha msafiri ni wakfu. Hati ya wakfu ya nyumba nyingine ya karne hiyohiyo, Karatay Han, karibu na Kayseri, inaagiza kila mgeni apewe chakula bure, awe Mwislamu au asiwe, muungwana au mtumwa, mwanamume au mwanamke. Gharama zililipwa na mapato ya mali zilizowekwa wakfu. Kwa hiyo mgeni hakula kwa hisani ya bawabu. Alikula kwa haki iliyoandikwa.

Mwaka 1243 Wamongolia waliwashinda Waseljuki huko Köse Dağ. Dola ikadhoofika. Lakini Sultan Han, baada ya kuunguzwa na moto, ilikarabatiwa na kupanuliwa mwaka 1278, miaka 35 baada ya kushindwa kule.

Watumishi wa umma na wanaharakati watafakari hapo. Sisi tu hodari wa kuweka mawe ya msingi na kukata tepe. Tujiulize pia: katika mwaka wa kumi, nani atalipia maji, taa na mlinzi wa jengo hilo? Na haki ya mwananchi atakayebisha hodi usiku imeandikwa wapi?