Wauguzi wa Kasongo na Akina Mama wa Nyamitaba

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba utafiti wa uuguzi mashariki ya Kongo ni kitu cha juzi, kilichozaliwa pale vyuo vya tiba vya Goma na Bukavu vilipoanza kudai tasnifu. Kabla ya hapo, eti, muuguzi alichoma sindano na kutii amri ya daktari. Silikubali dai hilo hata kidogo. Jibu lake limo katika makala ya mwaka 1984 ambayo wanahistoria wetu wameipita bila kuitazama.

Enzi ya Wabelgiji inajulikana: FOMULAC, mfuko wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain, na hospitali yake ya Katana; FOREAMI, mfuko wa Malkia Elisabeth wa kuwatibu wenyeji, tangu 1930; kisha 30 Juni 1960, nchi ikapata uhuru bila daktari hata mmoja Mkongo. Madaktari wa Kizungu walipokimbia, zahanati zilibaki mikononi mwa wauguzi. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuwaulize walijua nini.

Twende Kasongo, Maniema, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ilishirikiana na wafanyakazi wa huko kujenga mtandao wa vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi. Muuguzi alipima, aliamua, alitibu, aliandika. Swali mojawapo lilikuwa hili: je, kwa vipimo rahisi kama urefu wa mama na historia ya uzazi wake, muuguzi anaweza kujua mapema ni nani ambaye mtoto atamkwama wakati wa uchungu, ili apelekwe hospitali kabla?

Wajawazito zaidi ya 3,000 walifuatiliwa. Jibu liliumiza. Kati ya waliokwamiwa na mtoto, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa kuwa hatarini. Na kati ya waliotambuliwa, asilimia 90 walijifungua bila shida hiyo. Mwaka 1991 Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia aliitumia hesabu hiyo kuhoji sera nzima ya kuchuja wajawazito, na mjadala wa dunia ukageukia huduma ya dharura: kila mama anaweza kupata shida, basi kila mama awe na njia ya kufikia upasuaji.

Makala ile ya 1984, iliyotangaza matokeo haya, imetiwa saini kwa jina la pamoja, Kikosi cha Mradi wa Kasongo. Wapo wanaosoma humo ujanja wa wageni wa kuficha majina ya Waafrika. Nawaelewa, maana ukoloni ulituzoesha hivyo. Ila mimi naona pia ukweli wa kazi yenyewe: daktari bila muuguzi aliyeshika futi ya kupimia na kujaza kadi hakuwa na chochote cha kuchapisha. Wanaosema wauguzi walikuwa wakusanyaji wa takwimu tu, hao siwapi nafasi. Kumuuliza mama aliyezaa mara tano na kuzika wawili, akakueleza jinsi kila uchungu ulivyokwenda, ni kazi ya mtu anayefikiri.



Hesabu hiyo ina uzito hata leo. Katika hospitali ya Masisi, Kivu Kaskazini, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi tangu 2007, kuna nyumba za kungojea kwa wajawazito walio hatarini. Je, hesabu ya Kasongo inazipinga? Hapana. Penye njia ya matope na vizuizi vya wenye silaha, mama aliyewahi kupasuliwa ni heri angojee karibu na chumba cha upasuaji. Lakini wengi watakaokwama hawamo katika nyumba hizo. Wako vilimani mwa Masisi, Nyamitaba na kwingineko, mbele ya muuguzi mmoja usiku, na kinachowaokoa ni kama amefundishwa kusoma mwendo wa uchungu kwenye patografu, chati ambayo watafiti Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 wakiwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), wakiwafikiria hasa wakunga walio mbali na daktari.

Wauguzi waliojaza kadi za Kasongo, walio hai, sasa ni wazee. Chuo chochote cha Goma kinachotafuta mada ya tasnifu kianzie kwao: kiwahoji, kiandike majina yao kwa ridhaa yao, kitafute kadi zilizobaki kabla mchwa hawajazimaliza.